Mtandao Waachie Wenyewe? Wenyewe ni Sisi

Kuna kauli inayotembea Magongo, Changamwe yote na hata ng'ambo ya Makupa kwenye kisiwa cha Mombasa, na imezoeleka hadi hakuna anayeihoji: mambo ya mtandao waachie wenyewe. Ukionekana na ruta iliyofunguliwa mgongo, au kompyuta kuukuu inayokesha pembeni mwa chumba, utaambiwa unamaliza tokeni za stima bure. Ukisema unatunza tovuti ya madrasa, ya kanisa au ya chama cha akina mama, utaulizwa kwa nini usifungue ukurasa wa Facebook ukapumzika. Ukitaja programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, utajibiwa kwamba kitu kisicholipiwa hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakitegemewi.

Wanaosema haya si watu wa kupuuzwa. Ni walimu, wahasibu, makarani wa yadi za makontena, vijana waliosomea kompyuta chuoni wakafaulu. Hoja yao ina sura ya busara: kazi ngumu ifanywe na mwenye ujuzi, nawe ulipie huduma uendelee na maisha yako. Nataka kuijibu yote, kwa sababu naamini inatugharimu kuliko tunavyodhani.

Mimi si mhandisi. Mchana nina kazi isiyohusiana na kompyuta. Jioni na mwisho wa wiki natunza mtandao wa nyumbani kwetu Magongo: ruta niliyoiwekea programu ya OpenWrt badala ya ile iliyokuja nayo, kompyuta ndogo ya mtumba inayoendeshwa na mfumo huria wa Debian, na tovuti chache za majirani wasio na fedha za kuajiri mtu. Msimamo wangu ni huu: kutunza ndiko kumiliki. Mtaa usioweza kutunza chombo unachokitegemea haukimiliki, hata ukikilipia kila mwezi bila kuchelewa. Ujuzi huo wa kutunza huanzia nyumbani, kwa mtu anayejaribu, anayesoma na kurudia. Na kwa mtu wa kipato chetu, mlango mpana zaidi wa kuupata ni programu huria.

Kauli ya "waachie wenyewe" si ngeni nchini. Mwishoni mwa miaka ya tisini, barua pepe iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Kenya kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata kama ofisi zao zilitazamana, ilipanda setilaiti ikaenda Ulaya au Marekani, kisha ikarudi kwa gharama ile ile. Kampuni za intaneti, kupitia chama chao cha TESPOK, ziliamua kuunganisha mitandao yao mahali pamoja jijini Nairobi ili mawasiliano ya nyumbani yabaki nyumbani. Kituo hicho, KIXP, kilianza Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ikalalamika, na tume ya mawasiliano ikakifunga Desemba mwaka huo huo. Kilifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya mabishano marefu, safari hii kikiwa na leseni. Utafiti uliotolewa na shirika la Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kwamba data ya ndani, iliyokuwa ikichelewa kati ya milisekunde 200 na 600, sasa ilifika kwa milisekunde 2 hadi 10.

Swali ni hili: waliobishana na mkiritimba huyo walipata wapi ubavu? Waliupata kwa kuwa walizigusa ruta kwa mikono yao. Walijua jambo lile linawezekana kwa sababu walikuwa wameshalifanya. Mtu asiyejua chombo kinavyofanya kazi hana la kubishia akiambiwa haiwezekani, hairuhusiwi, au bei ndiyo hiyo. Hasara ya kwanza ya "waachie wenyewe" ndiyo hii: hutunyang'anya neno la kusema.

Sisi wa Mombasa, kati ya watu wote, tuna sababu ndogo kabisa ya kukubali hali hiyo. Kebo ya SEACOM ilitua hapa ikaanza kazi Julai 2009. TEAMS, iliyolazwa baharini kutoka Fujairah, ikafuata mwaka huo huo. EASSy ikaja 2010, LION2 mwaka 2012, PEACE mwaka 2022. Intaneti ya Kenya na sehemu kubwa ya intaneti ya nchi za bara zilizo nyuma yake huingilia mlangoni petu. Hata hivyo, ukipita Magongo, Chaani, Mikindani na Port Reitz ukauliza nani anaweza kueleza kwa nini waifai ya jirani yake inakatika kila saa mbili usiku, utapata watu wachache mno. Tumeishi na mlango huu zaidi ya miaka kumi na mitano, na bado tumebaki wanunuzi wa bando.

Hoja wanayoitanguliza wapinzani ni muda. Muda ni pesa, wanasema, na anayeshinda na nyaya anakula hasara. Lakini muda huo unatumika vyovyote vile. Asiyejua kutunza mtandao wake huutumia akisubiri kwenye simu ya huduma kwa wateja, akiizima ruta na kuiwasha, akilipia kasi kubwa zaidi isiyomsaidia. Mfano halisi ni nyumba zetu za ploti. Kila chumba kina ruta yake, na ruta nyingi husema kwa masafa ya gigahezi 2.4, ambayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Ruta kumi zikisongamana kwenye chaneli moja, zinagombea hewa. Mpangaji analalamika kwamba faiba ni mbovu, anahamia kampuni nyingine, anakuta hali ni ile ile. Dawa ni kuchungulia chaneli zinazotumika, kuchagua iliyo wazi zaidi, au kuhamia gigahezi 5 kwa vifaa vilivyo karibu. Kazi hiyo haimalizi hata robo saa kwa anayeijua, na haina malipo.

Au chukua simu za jioni. Familia nyingi huku zina mtu Saudia, Qatar au Oman, na sauti yake hufika kwa intaneti. Kijana wa chumba cha pili akianza kupandisha video, sauti ya mama inakatikakatika. Wengi wanadhani kasi haitoshi. Mara nyingi kasi inatosha. Ruta ndiyo inayoziweka pakiti zote kwenye foleni moja ndefu, sauti ikingoja nyuma ya video. Katika OpenWrt kuna namna ya kuipanga foleni hiyo ili mtumiaji mmoja asiwazibie wengine. Ukishaiwasha na kuipimia kasi ya laini yako, video itapanda polepole kidogo na sauti ya mama itafika nzima. Kifurushi ni kile kile na bili ni ile ile. Muda uliotumika kujifunza hilo umerudi kila jioni tangu siku hiyo, kwa kila mtu aliye kwenye laini hiyo.

Kuhusu stima, tupige hesabu. Kompyuta ndogo inayotumia wati 10 ikikesha mwezi mzima hula uniti saba na kidogo. Hicho ndicho kiasi cha kinachoitwa kumaliza tokeni bure. Ni gharama, sikatai, lakini anayeitaja aitaje pamoja na fedha anazotumia kila mwezi kuhifadhi picha kwa kampuni ya ng'ambo, na kununua bando za kupakua somo lile lile mara tatu kwa watoto watatu.

Hoja ya pili ni kwamba programu huria ni duni kwa kuwa hazina bei. Anayeisema hoja hii huenda ameshika mkononi simu ya Android, ambayo kiini chake ni Linux, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 na ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Akienda zahanati ya serikali, takwimu zake zinaishia kwenye DHIS2, mfumo huria uliokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo na ulioanza kutumika Kenya nzima mwaka 2011. Rekodi za wagonjwa katika vituo vingi vya afya nchini zinatunzwa na KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS. Na OpenMRS yenyewe ilikomaa Eldoret, katika mpango wa AMPATH, ikihudumia wagonjwa wa Ukimwi tangu 2006. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa 2007, Wakenya wachache wakishirikiana kwa mtandao walitengeneza Ushahidi kwa siku chache Januari 2008, wakauachia ulimwengu msimbo wake, na miaka miwili baadaye ukatumika Haiti baada ya tetemeko. Hayo ndiyo yanayoitwa duni.

Ubora wa programu hizi hautokani na kukosa bei. Unatokana na kuruhusu mtu kuona ndani. Hapa hapa Changamwe tuna ushirika wa wachonga vinyago wa Akamba. Mwanafunzi anakaa kando ya fundi chini ya kibanda, anaona patasi inavyoingia kwenye mti, anajaribu, anasahihishwa. Hakuna fundi pale anayechonga nyuma ya pazia. Programu huria hufundisha kwa njia hiyo: unaona kazi yenyewe, si kinyago kilichokamilika peke yake. Ndiyo maana watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004, waliweza kuichukua OpenOffice na kuitoa kwa Kiswahili wakaiita Jambo, bila kusubiri kampuni yoyote ya ng'ambo iamue kama lugha yetu ina soko.

Hata hiyo OpenWrt ina kisa cha kufunza. Mwaka 2003 iligundulika kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilibeba Linux ndani yake, na leseni ya Linux inamtaka anayeisambaza autoe msimbo. Kampuni ikautoa baada ya kushinikizwa. Mwaka uliofuata, wapenzi wa mitandao, watu wa jioni na mwisho wa wiki kama mimi, wakaanza kujenga OpenWrt juu yake. Leo ruta iliyoachwa na mtengenezaji wake, isiyopata tena marekebisho ya usalama, inaweza kupewa maisha mapya na programu hiyo ikiwa ni miongoni mwa aina inazozimudu. Mjini kwetu, ambako hewa ya chumvi na vumbi la malori ya bandari vinaharibu vifaa vya kutosha, hatuna sababu ya kutupa kile ambacho bado kizima.

Na hapa nataka kusimama zaidi, kwa sababu ndipo kauli ya "waachie wenyewe" inapouma mifuko ya watu wa kawaida. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha marekebisho ya kawaida ya Windows 10, ikabakiza mpango wa nyongeza wa muda mfupi. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka za kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache. Sasa zitazame laptopu za mtumba zinazouzwa Mombasa, zilizo kwenye saiba zetu, kwenye ofisi za kliaringi, kwenye shule za binafsi za vichochoroni. Nyingi ni za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Zina nguvu ya kutosha kuandika barua, kufungua eCitizen na kufundishia watoto. "Wenyewe" wamesema zimekwisha. Anayewaachia wenyewe ana njia mbili: anunue nyingine, au abaki na mashine ambayo milango yake haitazibwa tena wezi wakiigundua.

Programu huria inampa njia ya tatu. Mashine ile ile ikiwekewa Linux Mint au Debian na LibreOffice, inapata marekebisho ya usalama kwa miaka, na inakwenda kwa wepesi kuliko awali, hasa ikibadilishiwa diski ya zamani kwa SSD. Nimezifanyia hivyo mashine za majirani. Kweli, kuna programu za uhasibu zisizokubali kufanya kazi kwenye Linux, kuna printa zinazoleta ukaidi. Si kila mtu anaweza kuhama, na asilazimishwe. Lakini saiba ya Magongo inayochapa vyeti na kujaza fomu haina sababu ya kufungwa kwa amri ya kampuni iliyo upande mwingine wa dunia.

Hoja ya tatu inahusu tovuti. Tovuti ya nini, wanauliza, na kila mtu yuko Facebook na WhatsApp? Mzee mmoja wa mtaani, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, aliniambia: "Mwanangu, watu wako sokoni, wewe unajenga duka msituni." Nilimjibu, "Mwalimu, soko hilo lina mwenyewe, na siku akifunga lango hatuna pa kuuzia." Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja kwa takriban saa sita duniani kote, na waliokuwa na ukurasa tu hawakuwa na mahali pengine pa kusema neno. Hapo Uganda, Facebook ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na ikabaki imefungwa miaka mingi baada ya kura kuhesabiwa. Mfanyabiashara wa Kampala aliyeweka kila kitu humo hakuwa na kosa lolote. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka: mara nyingi hufungiwi lango waziwazi; sheria zinabadilika kimyakimya, na tangazo lako haliwafikii hata waliokufuata mpaka ulipie.

Simkatazi mtu kuutumia ukurasa huo. Autumie kuita watu. Kumbukumbu zake aziweke kwake. Ada za shule, ratiba ya darasa za madrasa, katiba ya chama, orodha ya waliolipa kiingilio: hivi havifai kuzama chini ya salamu za asubuhi katika kikundi cha WhatsApp. Jina la .co.ke au .or.ke, chini ya msajili KeNIC, lina gharama ndogo kwa mwaka. Cheti cha usalama kinachoweka kufuli kwenye anwani, ambacho zamani kililipiwa, kinatolewa bure na Let's Encrypt tangu mwisho wa 2015. WordPress, iliyozaliwa 2003 na inayoendesha zaidi ya tovuti nne kati ya kila kumi duniani, haina malipo ya leseni.

Kazi halisi iko kwenye kutunza, na wapinzani wangu wana haki wanaposema kwamba tovuti nyingi za mitaani zimekufa. Hufa kwa sababu zinazojulikana. Mtu aliyeijenga aliisajili anwani kwa jina lake mwenyewe, akahama, na chama hakiwezi kuilipia tena wala kuidai. Programu za nyongeza, ambazo ndizo njia kuu ya wadukuzi kuingia kwenye WordPress, hazikuhuishwa. Nakala za akiba zilikuwa kwenye seva ile ile iliyoharibika. Hakuna hata moja kati ya sababu hizi inayotibiwa na kuwaachia wenyewe. Ya kwanza imesababishwa hasa na hilo. Zote zinatibiwa na mtu mmoja wa mtaa anayejua mambo matatu: jina lisajiliwe kwa chama chenyewe, marekebisho yafanywe kila wiki, na nakala ya akiba itunzwe mahali pengine kisha ijaribiwe kama kweli inarudi. Akina mama wanaoendesha chama cha kuweka akiba tayari wanajua kutunza daftari la fedha bila kukosea. Kutunza tovuti kunadai tabia hiyo hiyo, na ni rahisi kuliko wanavyoambiwa.

Hoja ya nne ndiyo nzito, na haifai kupitwa kwa haraka: usalama. Utadukuliwa, wanasema; kampuni kubwa zina walinzi, wewe una nini? Ukubwa haujawahi kuwa kinga. Julai 2023 mashambulizi ya mtandaoni yaliyumbisha eCitizen, na nchi nzima ikakosa huduma za serikali ilizokuwa imezihamishia humo. Upande wa pili, tazama kilichotokea Machi 2024. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alikuwa ametumia miaka kujijengea imani katika mradi mdogo wa programu huria uitwao xz, uliotunzwa kwa hiari na mtu mmoja aliyechoka, kisha akapenyeza humo mlango wa siri ambao ungefungua seva nyingi za Linux duniani. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Alikerwa na nusu sekunde hiyo, akafuatilia, akafungua msimbo, akaukuta uovu.

Wapinzani hukitumia kisa hiki kusema: mwaona, programu huria si salama. Nami nakitumia kusema mambo mawili. La kwanza, mlango ule ulipatikana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na kulikuwa na mtu mwenye mazoea ya kutazama mashine yake kwa makini. Katika programu iliyofungwa, Freund angeishia kulalamika kwamba kompyuta ni nzito. La pili, hatari yenyewe ilitokana na uchache wa watunzaji. Mtu mmoja aliachwa peke yake abebe chombo kinachotegemewa na dunia, kwa kuwa wote wengine walisema waachie wenyewe. Dawa yake ni watunzaji wengi zaidi, na sioni kwa nini baadhi yao wasitoke Changamwe.

Wanabaki na hoja ya mazingira: stima inapotea, faiba inakatwa na lori, Magongo si mahali pa seva. Nami nasema mazingira haya ndiyo sababu kubwa ya kuwa na mtandao wa ndani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwetu, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Siku kama hiyo, kompyuta ndogo yenye programu ya Kiwix hufanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Kiwix huihifadhi Wikipedia nzima ya Kiingereza, pamoja na picha, kwenye takriban gigabaiti mia moja, na ile ya Kiswahili kwenye nafasi ndogo sana. Programu ya Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa masomo ya shule, na imetumika hata katika kambi ya Kakuma, ambako intaneti ya uhakika ni adimu. Ruta na kompyuta hiyo zinaweza kuendeshwa na betri ndogo kwa saa kadhaa stima ikipotea. Watoto wa ploti nzima wanasoma bila bando. Anayesema Magongo haifai kwa jambo hili hajaliona likifanyika.

Kuna kikwazo kimoja cha kweli. Kampuni nyingi za intaneti, kwa uhaba wa anwani za IPv4, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hivyo tovuti iliyo kwenye kompyuta ya nyumbani haifikiki kutoka nje kwa njia ya kawaida. IPv6 ingelimaliza tatizo, na tunapaswa kuidai kwa watoa huduma. Hadi hapo, mpaka nilioufuata ni wazi: vya ndani vikae ndani, na tovuti za umma zikae kwenye seva ndogo ya kukodi, huku nakala za akiba zikirudi nyumbani kila usiku. Kukodi seva si kuwaachia wenyewe, maadamu unaweza kuhamisha kila kitu kwingine siku yoyote.

Kuna pia mambo ambayo mtu wa jioni hapaswi kuyagusa, na nayasema kwa sababu adui mkubwa wa ujuzi huu ni majigambo. Usiendeshe barua pepe ya shule kutoka chumbani. Barua zake zitaishia kwenye taka za wapokeaji. Usiweke hesabu za sako wala rekodi za wagonjwa kwenye mashine iliyo chini ya kitanda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina neno juu ya hilo, na utu una neno kubwa zaidi. Usijenge kitu ambacho ni wewe peke yako unayekijua. Andika kila hatua kwenye daftari au faili, kwa Kiswahili, umfundishe mwingine, na maneno ya siri yawe mahali ambapo chama kinaweza kuyapata ukihama au ukifa. Mtunzaji asiyerithisha amekuwa "mwenyewe" mwingine tu.

Ninachokidai kinawezekana mwaka huu, bila mfadhili wala bajeti ya kaunti. Kila taasisi ya Magongo yenye tovuti iulize jina limesajiliwa kwa nani, na kama si kwake, ilidai. Kila shule yenye laptopu zilizosusiwa baada ya Oktoba 2025 ijaribu Linux kwenye mashine moja kabla ya kuziuza kwa bei ya chuma chakavu. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha vijana kubofya vitufe vya programu za kulipia viwafundishe pia kusanidi ruta, kusoma kumbukumbu za seva na kurudisha nakala ya akiba. Na sisi tunaofanya haya kama mapenzi ya jioni tuache kujifungia. Tufungue milango yetu Jumamosi moja kwa mwezi, mwenye ruta yake alete, tufungue pamoja.

Anayeendelea kutuambia tuwaachie wenyewe, atutajie basi mwenyewe huyo ni nani. Atuambie atakuja lini faiba ikikatika usiku wa Ijumaa, atalinda vipi kumbukumbu za chama kampuni ikifunga huduma, na ni nani aliyemwajibisha kwetu. Mimi nimemtafuta na sijamwona. Niliowaona ni majirani wenye akili timamu, walioambiwa muda mrefu kwamba hawawezi. Wanaweza, na kazi hii ni yao.